Ng'ombe Ambaye Baba Alimkataa Vitani

Tangu nirudi, kila anayeleta kitambaa kushonesha anakaa kwenye benchi langu na kuuliza swali lile lile: ilikuwaje huko Kibondo? Nikianza kusimulia, mteja mwingine anaingia, naanza upya, na juzi katika kuanza upya huko nikamkatia mwalimu mmoja sketi kwa vipimo vya mwenzake. Nimeona niandike. Karatasi hizi zitakaa hapa kando ya cherehani. Anayetaka kujua asome huku akisubiri nguo yake, na asinikatize.

Habari za nauli, tiketi na kugombania viti siziweki. Kila mtu anazijua na hazina utamu.

Simu ya Hamadi

Wengi mnamjua baba yangu, Mzee Selemani wa korosho. Mnajua pia kwamba alipigana vita ya nduli kule Uganda, maana kila siku ya mashujaa huitwa wilayani akakaa viti vya mbele na nishani yake kifuani. Nishani hiyo alipewa kwa kumbeba mgongoni askari mwenzake aliyejeruhiwa, akamtoa kwenye kinamasi huku risasi zinapita. Hayo tuliyajua kwa sababu hutangazwa kwenye kipaza sauti. Mwenyewe hasimulii. Ukimbana sana atakuambia kuku wa Uganda ni watamu, basi.

Sasa kuna Hamadi, kijana wa mtaa wetu hapa Nachingwea aliyehamia Kasulu miaka mingi kufanya biashara. Ana duka la magodoro na vitenge. Siku moja akiwa dukani anaongea Kimwera kwenye simu, aliingia mzee mmoja anayechechemea, mtu wa Kibondo, akamsikiliza, akakunja uso. Akasema, "Nyinyi watu wa huko mna dharau. Mwenzenu mmoja nilimpa ng'ombe akamkataa." Hamadi naye kwa umbea hajambo. Alimchimba yule mzee mpaka likatoka jina la baba. Mzee mwenyewe anaitwa Kagoma. Ndiye yule aliyebebwa.

Nilipomfikishia baba habari hizi alikuwa anabangua korosho uani. Aliweka jiwe chini.

"Kagoma yu hai?"

"Yu hai, baba, na ana kinyongo na wewe. Anasema alikupa ng'ombe ukamkataa."

"Ni kweli. Nilimkataa."

"Kwa nini?"

"Hayo nitamweleza mwenyewe." Kisha akajifuta mikono, mimi nikidhani mazungumzo yamekwisha. "Walimpakia kwenye lori la majeruhi, sisi tukasonga mbele. Nilijua amekufa. Kumbe miaka yote hii yu hai na ananihesabu mtu wa dharau. Zuhura, siwezi kufa hivyo, wala yeye asife hivyo. Nitakwenda."

Nilimpinga. Nikamtajia magoti yake, nikamtajia umbali, nikamtajia kwamba huyo mzee anaweza kumfukuza mbele ya watu. Alikuwa ameshaokota jiwe lake anaendelea kubangua. Mnajua baba akishaamua. Nikafunga kibanda, nikafuatana naye, kwa sababu kama ni kutukanwa afadhali atukanwe nikiwepo.

Nachingwea hadi Malagarasi

Mpaka Dar es Salaam hakuna la kusimulia zaidi ya kwamba baba alibeba mfuko wa korosho mapajani na hakukubali uwekwe chini. Tabora alishuka kununua asali, akaonja ya kila muuzaji, gari likapiga honi mara tatu, abiria wakaanza kunitazama mimi kana kwamba nimemzaa mimi. Akarudi na chupa moja, hana haraka, anajilamba kidole.

Baada ya Kaliua nikaanza kuamini tutafika Kasulu mapema. Sikupaswa kuamini. Hatukuwa mbali na daraja la Malagarasi mkanda wa injini ulipokatika, na dereva akasema lazima mtu aende Uvinza kwa pikipiki kutafuta mwingine. Tukashuka wote. Jua kali, hakuna kivuli cha maana, na wapo waliokuwa wakilaani kampuni, barabara na siku waliyozaliwa.

Hapo mama mmoja wa makamo, abiria mwenzetu, akanijia akitabasamu. Alinishika mikono yote miwili kwenye viwiko, akawa ananipapasa taratibu kushuka chini huku anaongea Kiha, anauliza, anajijibu, anauliza tena. Mimi mtoto wa stendi, nikabana pochi yangu kwapani. Aliponiachia nikahesabu vidole. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Anakusalimu," akasema. "Kagoma alikuwa hivyo hivyo. Ukitoka lindo umechoka unataka kulala, yeye bado anakuuliza habari za mama yako. Watu hawa wasipokusalimu ndipo uogope."

Nikaona aibu, nikamfuata yule mama, nikamsalimu upya kwa kumwiga. Alifurahi akanipa samaki wawili wa kukaanga, migebuka, aliowafunga kwenye jani, tukala mimi na baba tumekaa kwenye mawe. Na kwa vile gari halina dalili na tumbo limetulia, baba akavua viatu, akavikung'uta, akaanza kuongea bila kuulizwa. Nasema kweli, sijawahi kumsikia akiongea vile.

"Watu wanadhani vita ni kupiga risasi," alisema. "Mimi nilipiga siku chache tu. Siku nyingine zote nilitembea. Tulivuka Kagera kwa miguu, tukaingia kwao kwa miguu, mvua inanyesha, una bunduki, una risasi, una sepetu ya kuchimbia handaki, na pengine umembebea mwenzako bomu la mzinga. Jioni unachimba. Asubuhi unaliacha shimo lako zuri unakwenda kuchimba jingine. Mimi nimetoka kwenye jua, sijui baridi. Miguu ikaanza kuoza ndani ya buti. Kagoma ndiye aliyenifundisha kuweka soksi mbichi tumboni, chini ya shati, zikauke kwa joto la mwili. Asingenifundisha ningerudishwa nyuma nikiwa kilema."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Msumbufu. Handakini anawataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, jina na rangi, na tabia ya kila mmoja. Nikamwambia kwetu ng'ombe tunamjua akishakuwa mchuzi. Alininunia kutwa nzima."

Mkanda ulifika jua limeshageuka. Baba akavaa viatu, akafunga kamba polepole, na sikupata neno jingine mpaka Kasulu.

Kasulu

Kasulu ni juu, na baridi yake haina adabu. Nilikuwa nimebeba kanga, nikajikuta natamani blanketi. Hamadi alitupokea stendi, akatupeleka nyumbani, mkewe akatuletea ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese mekundu. Nilikula kama sijawahi kuona chakula. Ugali ule unavutika, usikate tonge kubwa kwa tamaa kama nilivyofanya mimi.

Asubuhi, watu wakiwa wanapita na makoti kwenda sokoni, Hamadi alitukalisha dukani juu ya magodoro akatupa somo.

"Mzee wangu, huku ng'ombe si zawadi ya kusema ahsante ukaondoka. Mtu akikupa ng'ombe amekufanya mtu wake. Na ukimkataa ng'ombe umemkataa yeye, na ukoo wake. Mbaya zaidi, alishatamka. Ng'ombe aliyetamkwa harudi zizini akawa wa mwenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo yule ng'ombe ni wako mpaka leo. Na aliyepewa anatakiwa aende kushukuru mbele ya majirani, na hashukuru mkono mtupu. Anabeba pombe."

Baba alimtolea macho. "Hamadi, nimekufundisha madrasa mimi. Leo unanituma na pombe?"

Hamadi akajikuna kichwa. Yeye mwenyewe ni swala tano. Mkewe, aliyekuwa anapanga vitenge, ndiye aliyetoa dawa. Alisema ndizi zikikamuliwa leo, leo hayo ni maji matamu ya ndizi, hata mtoto wa madrasa anakunywa. Yanageuka pombe baadaye. "Mkamue asubuhi, mfike jioni. Mzee atakuwa amebeba juisi. Wao wakiiacha ikachacha ni juu yao."

Hoja ikapita bila kupingwa. Tulikwenda kwa mama mmoja anayekamua, tukamkuta amepiga magoti anazifikicha ndizi mbivu kwa nyasi kwenye chombo cha mti, maji yanachuruzika. Nilionja nikataka tukae hapo hapo. Akatujazia dumu la njano, akalifunga vizuri kwa kipande cha nailoni. Hilo la kulifunga vizuri ndilo lililotuponza.

Na mimi nikaongeza la kwangu. Nilimlazimisha baba avae koti lake na nishani. Alitaka ibaki begini. Nikasema hapana, mzee yule akiona nishani atakumbuka ulivyomwokoa, atalainika. Nilijiona nina akili sana.

Kasulu hadi Makere

Barabara ya Kibondo ni nzuri siku hizi, lakini siku yetu palikuwa na lori limelala ubavu Makere, karibu na njia ya kwenda kambi ya Nyarugusu, na magari yamepanga foleni pande zote. Kondakta akatuambia tukanyooshe miguu. Tulinyoosha mpaka ikachoka.

Pembeni palikuwa na mama wa Kikongo anauza chakula kwenye masufuria yaliyofunikwa vitenge. Jina lake Mama Furaha. Alimwona baba anayaangalia masufuria yale.

"Papa, ikala hapa, kwenye kivuli," alimwambia, akimsogezea kiti cha plastiki. "Camion ile haiondoke leo mbio. Niko na sombe ya mawese, niko na bukari. Unajuaka sombe?"

Baba akachungulia. Bukari ni ugali wao, na sombe, ndugu zangu, ni kisamvu. Kisamvu chetu hiki hiki, kilichotwangwa kikalainika, kimepikwa na mawese na samaki wakavu. Baba alikaa akala sahani, akaomba nyingine, na katikati ya hiyo ya pili akasema kwa sauti ya kulalamika, "Kagoma hakuniambia kwamba kwao kuna kisamvu."

"Hiki si cha Waha, papa. Ni cha kwetu, tulikuja nacho," Mama Furaha akasema. Akamuuliza anakwenda wapi na nishani, kama kuna sikukuu. Baba akamwambia anakwenda kuomba radhi kwa rafiki yake wa vitani. Yule mama aliacha kupakua, kijiko mkononi. Akasema, "Mimi najua vita ya kukimbia tu. Sijaona bado mutu wa vita anarudi kuomba radhi. Kula, papa. Ile ya pili haina bei."

Kisha akaangalia miguuni kwangu. "Mama, bidon yenu inavimba."

Dumu lilikuwa limetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Jua la mchana kutwa lilikuwa limefanya kazi yake. Niliinama nikalegeza kifuniko, na sitaki kueleza sana kilichotokea, ila kifuniko sikukiona tena, na mchungaji mmoja aliyekuwa amesimama karibu na shati jeupe aliondoka na shati la rangi nyingine. Alinisamehe. Harufu yake, hata hivyo, haikuwa ya juisi.

Baba alinusa, akatazama pembeni. "Mimi nilibeba juisi," alisema. "Kilichotokea njiani sikukiona."

Lori lilivutwa jioni. Tukaingia Kibondo giza likishika, tukalala nyumba ya wageni, dumu tukaliweka nje.

Kibondo

Asubuhi alitufuata Yusto, mtoto mkubwa wa Mzee Kagoma, baba mwenye watoto wake tayari, na pikipiki mbili. Hamadi alikuwa amempa taarifa. Nilijiandaa kwa uso wa ugomvi, nikapata uso wa mtu anayechungulia kitu alichosikia habari zake tangu utotoni.

"Shikamoo mzee. Kumbe Selemani ni mfupi hivi," alisema.

"Marahaba. Vita haikuwa ya urefu," baba akamjibu.

Kabla hatujapanda, Yusto alituweka wazi. Mzee hajasema kama atatupokea. Hajasema pia kama atatufukuza. Amekaa tu. Halafu akatueleza jambo lililonikaa moyoni njia nzima. Kagoma aliporudi kutoka hospitali ya jeshi na mguu wake mbovu, kitu cha kwanza alichofanya ni kumtenga mtamba mmoja zizini, akasema huyu ni wa Selemani; Selemani amemkataa, lakini yeye ameshatamka. Mtamba akazaa, watoto wake wakazaa. Hakuuzwa hata mmoja wa mlango ule.

"Nilifukuzwa shule kwa ada, ng'ombe wamejaa," Yusto alisema. "Nikimuuliza baba ananiambia hao si wetu. Mama akiumwa, hao si wetu. Kila nyumba ina mchawi wake, sisi tulikuwa na Selemani. Nimekuja kukupokea mwenyewe, mzee, nikuone vizuri kabla sijaamua kama nakuchukia."

Baba alipanda pikipiki akakumbatia dumu lake. Tulishika njia ya kaskazini, ile inayokwenda Mtendeli palipokuwa na kambi, tukaiacha, tukapanda kilima kati ya migomba na mashamba ya maharage. Kule juu unaona milima imepangana mpaka Burundi, na hewa ni safi, lakini mimi sikuwa na macho ya milima.

Kwa Mzee Kagoma

Uani palikuwa pamefagiwa na majirani wameshakaa kwenye viti na mikeka, kwa hiyo nikajua kwamba vyovyote itakavyokuwa, itakuwa mbele ya watu. Mke wa Mzee Kagoma alitujia kwanza. Alitusalimu kwa ile salamu yao ndefu, na safari hii sikubana pochi. Lakini Mzee Kagoma mwenyewe, mtu mrefu mkavu mwenye kofia ya sufu, alibaki kwenye kigoda chake, mguu mmoja ameunyoosha mbele, hakuinuka na hakusalimu. Nikayakumbuka maneno ya baba kule Malagarasi, kwamba wasipokusalimu ndipo uogope.

"Kagoma," baba alisema.

"Nani huyo?"

"Selemani."

"Selemani namjua. Hicho kifuani ni nini?"

"Nishani."

"Ya nini?"

Baba alisita. "Ya kukubeba."

Mzee Kagoma aliitazama ile nishani kwa muda. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Hao waliokupa, na wao uliwabeba?"

"Hapana."

"Wao wakakupa chuma, ukapokea, ukavaa. Mimi niliyekuwa mgongoni kwako nikakupa ng'ombe, ukakataa."

Nilitamani ardhi inimeze na koti lile na akili zangu zote za Kasulu. Baba hakuigusa nishani wala hakujitetea. Alichofanya ni kukaa chini, kwenye udongo, magoti yale yale niliyoyahofia, akawa anamtazama rafiki yake kwa chini.

"Unakumbuka ulichokuwa unasema mgongoni?" alimuuliza.

"Damu ilikuwa imeniisha. Nakumbuka ng'ombe."

"Mimi nakumbuka yote. Tulikuwa kwenye mafunjo, maji yananifika hapa. Ulianza na jembe. Ukasema jembe lako apewe mdogo wako. Ukasema shamba la bondeni alime mama. Ukasema koti lako nichukue mimi kwa sababu nasikia baridi. Halafu ukaanza ng'ombe. Kagoma, ulikuwa unagawa. Mtu anayegawa anaaga. Nilijua ukishamaliza ng'ombe huna tena cha kugawa, utanifia mgongoni. Ndiyo nikakuambia ng'ombe wako simtaki, nitamfanyia nini, kama unataka kutoa katoe mwenyewe kwenu ukiwa umesimama. Nilitaka ukasirike."

"Nilikasirika."

"Najua. Ulinitukana kutoka kwenye mafunjo mpaka kwenye lori. Ulinitukania baba, mama na korosho zetu. Ukinyamaza nakutikisa ili unitukane tena. Sikukataa ng'ombe. Nilikataa ufe."

Mimi ni mwanawe, nimekula naye na kugombana naye maisha yangu yote, na hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nimesimama uani kwa watu. Nililia, sioni haya kuandika. Mke wa Mzee Kagoma alikuwa ameshika kanga mdomoni. Yusto ameinama anachora udongo kwa kidole cha mguu.

Mzee Kagoma akashika fimbo yake, akainuka kwa tabu, akamfikia baba pale chini, akamshika viwiko vyote viwili akamwinua.

"Mwakeye, Selemani," alisema. Na akaanza salamu yote tangu mwanzo, kana kwamba ndiyo kwanza tunaingia: habari za nyumbani, habari za mama, amekufa lini, amezikwa wapi, habari za watoto, za mvua, za mikorosho, za magoti, huku anampapasa mikono. Baba anajibu moja moja. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyetaka iishe.

Sasa mnataka kujua kuhusu lile dumu. Majirani walilipokea kwa vigelegele, wakasema limechacha vizuri kabisa, aliyelitengeneza anajua kazi. Baba akaangalia pembeni. Mzee Kagoma naye akaangalia pembeni, maana ameokoka na hanywi kitu. Kwa hiyo wenye shughuli wawili walikunywa maziwa, na watu wengine wote wakafurahi kwa niaba yao.

Baada ya hapo tukaenda zizini. Mtu aliyekwenda kwa miguu mpaka Kampala, aliyepita kwenye risasi na mtu mgongoni, alisimama mlangoni mwa zizi akagoma kuingia. Anaogopa pembe. Wale ng'ombe wa huko pembe zao ni ndefu, nami simlaumu. Mzee Kagoma alimvuta mkono, akamfikisha kwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye tumbo kubwa la mimba, akamwekea kiganja chake juu ya nundu.

"Huyu ni mjukuu wa kitukuu cha yule niliyekutamkia. Unampokea?"

"Nampokea."

"Na hao wengine wa mlango wake?"

"Nawapokea wote."

Watu wakapiga makofi. Na mimi, kwa furaha, na kwa mdomo wangu huu usio na pazia, nikasema kwamba basi, kwa kuwa Nachingwea ni mbali, labda wauzwe wote hapa hapa mnadani, baba atumiwe pesa kwenye simu.

Makofi yalikatika. Yusto alinikata jicho. Nilikuwa nimemkataa ng'ombe kwa mara ya pili, mbele ya watu wale wale, chini ya nusu saa tangu apokelewe.

"Huyu anashona nguo," baba aliwaambia watu, "msimsikilize." Kisha akamgeukia mwenzake. "Lakini ni kweli kwetu kuna mbung'o. Huyu akifika anakufa kabla ya masika. Yeye hawezi kuja kwangu."

"Kwa hiyo unamwacha," Mzee Kagoma alisema, na ule ukavu wa asubuhi ukaanza kurudi usoni.

"Nani kasema namwacha? Nitakaa naye mimi. Nifundishe."

Nilidhani ni maneno ya kupoza moyo. Jioni ile niliona amevua koti na nishani yake, amekunja vizuri, amenipa niweke begini mwangu. Yusto alimletea buti za mpira na fimbo. Baba naye alimpa Yusto ndama dume wawili wa mlango ule wawe wake, mbele ya mama yake, na Yusto akapokea upesi sana, bila kunipa nafasi ya kusema neno.

Kurudi

Siku ya kuondoka, baba alinisindikiza mpaka barabarani. Nilikuwa na chupa ya samli, kikapu cha maharage, na koti lake begini. Buti za mpira zilikuwa kubwa kwake. Nilianza tena habari za magoti, za baridi, za korosho kwamba nani atazisimamia, na watu wa nyumbani niwaambie nini kwamba nilitoka na mzee nimerudi na samli. Akanisikiliza nusu, jicho lake liko kilimani.

Gari la Kasulu lilipotokea nikamshika mkono. Nilikuwa nataka kulia nikaona abiria wananitazama.

"Baba, utarudi lini?"

"Nenda, mwanangu," alisema, na alishaanza kugeuka. "Nimemwacha Kagoma peke yake na ng'ombe, na kwa ule mguu hawezi kukimbia. Wakiingia kwenye maharage ya watu nani atawatoa?"